Maombi ya Mama Kwenye Spika za Ukumbi

Naona haya hata kufungua mdomo, lakini kwa vile waliokuwa ndani ya ukumbi ule wameshawasimulia wale ambao hawakuwepo, na wale ambao hawakuwepo wameongeza chumvi yao, heri niwaambie mimi mwenyewe, angalau mnicheke kwa mambo ya kweli. Mimi ndiye yule kijana wa sauti. Ndiyo, yule yule. Ukisikia watu wa Kiamunyi wakisema kuna Jumapili moja Yesu karibu arudi kwenye mchezo wa kuigiza, ujue wanazungumza juu yangu, na ukiulizwa kama unanifahamu, tafadhali sema hapana.

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za michezo ya jukwaani, hasa ile ya kuimba na kucheza. Watu hudhani ni kazi ya kupanga spika na kusema "testing, testing", na mimi huwaacha wadhani hivyo kwa sababu ukweli unatia aibu zaidi, ukweli ni kwamba mtu mzima mwenye ndevu zake anazunguka mjini akisikiliza milango. Mvua mnayoisikia kwenye mchezo si mvua, ni vitunguu vya mama yangu vikikaangwa kwenye sufuria pana na mimi nimeinama hapo na kinasa sauti (si karibu sana, cha kwanza kilirukiwa na mafuta kikafa). Mtu akivunjika mguu jukwaani, mlio huo ni wa bua kavu la mahindi. Radi ni bati la choo chetu cha zamani. Nikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kwamba nimefanya kitu, na nikiharibu, basi ukumbi mzima unageuka nyuma kuniangalia.

Sasa jaribu kumweleza hayo Mzee Koech wa Elburgon. Mzee Koech ni baba yake Chelagat, na Chelagat ndiye msichana ninayetaka kumwoa, mwalimu wa chekechea mwenye subira ya ajabu (angalia tu amevumilia nini). Mzee ni mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na koti zito hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, akaniuliza, "Kwa hivyo wewe kazi yako ni kelele?"

"Si kelele, mzee, ni sauti. Kwa mfano mvua ikitakiwa kunyesha kwa mchezo, mimi ndiye naitengeneza."

"Na haiwezi kujinyeshea?"

Nikamweleza habari ya vitunguu. Lilikuwa kosa. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe, na baadaye akamwambia Chelagat kwamba hawezi kupokea wazee wa posa wa mtu anayekaanga vitunguu mbele ya maiki. Chelagat alilia, akabembeleza, akanuna, akapika, mpaka mwishowe mzee akakubali jambo moja tu: atakuja kuona mchezo mmoja. Akiona kuna kazi hapo, nitamletea wazee wangu nyumbani. Asipoiona, nimwachie msichana wake kwa amani. Na Chelagat aliniambia wazi, akiniangalia machoni, kwamba yeye hataolewa kwa kutoroka, kwa hivyo nisiharibu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa dereva wa lori na msichana anayeuza chakula pale Salgaa, kwenye kituo cha malori, nyimbo tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwelekezaji wake alikuwa rafiki yangu Baraka. Mwanzo wake niliupenda mno: pazia limefungwa, taa zinazimwa, halafu gizani inalia honi ya lori, ile honi yenyewe ya lori la masafa marefu, na pazia linafunguka kwenye moshi na kibanda cha nyama choma. Mvuta pazia aliagizwa kitu kimoja tu, ukisikia honi, fungua. Kuipata ile honi nilienda mpaka Salgaa nikamwomba dereva mmoja aliyekuwa anakula, akanicheka, "Boss, honi tu? Si nikupee na injini?" Aliibonyeza nikiwa nimesimama mbele ya bampa na mpaka jioni nilikuwa nasikia nzi masikioni. Nikaipanga itokee kwenye spika za besi ili mtu aisikie kifuani kabla haijafika masikioni.

Halafu kulikuwa na maombi. Kabla dereva hajasafiri, mama yake anamwombea, sauti tu, haonekani, na Baraka alisema hataki mwigizaji, anataka mama wa kweli. Mama wa kweli nilikuwa naye nyumbani. Mama yangu ni mtu wa fellowship, kile kikundi cha maombi cha kina mama, akishika maombi hata mbwa analala chini. Nikaweka maiki juu ya friji kule jikoni kwetu Kiamunyi, nikamsomea maneno ya mchezo, naye akafumba macho akaanza: "Tusimameni. Tushikane mikono. Tufumbe macho, tumkabidhi msafiri wetu kwa Bwana." Aliposema "Amina" nilimwonyesha kidole gumba, lakini bado alikuwa amefumba macho, na nikaona ni utovu wa adabu kumkatiza, nikatoka nje kunywa chai na kumwacha yeye na maiki na Mungu wao. Niliporudi alikuwa anakata sukuma wiki. Nikazima mashine. Sikusikiliza yaliyobaki na wala sikuyakata, nikasema nitakata kesho (wenzangu wa kazi hii mnajua hiyo kesho). Kwenye mazoezi nilikuwa nacheza maombi yale na ikifika Amina ya kwanza natelemsha kishikizo cha sauti kwa kidole, polepole, inapotea vizuri kabisa. Mkono wangu ndio uliokuwa makasi.

Basi ikafika Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye madirisha. Mbele kabisa alikuwa Mzee Koech, kofia magotini, na Chelagat pembeni yake amevaa ile nguo yake ya manjano. Katikati ya ukumbi walikuwa mama yangu na fellowship yake nzima, wamevaa vitambaa vyao vya kichwa vya zambarau, na aliyeketi naye bega kwa bega alikuwa Mama Wambui, jirani yetu anayetuuzia maziwa, yeye na karibu barabara yetu yote. Mimi nilikuwa nyuma. Ukumbi ule hauna chumba cha sauti, kwa hivyo meza yangu, laptop na mixer juu yake, ilibanwa kwenye mstari wa mwisho wa viti. Kushoto kwangu alikuwa mathe mmoja mnene nisiyemjua, amevaa marvin, ile kofia ya sufi, nyekundu iliyofunika masikio, na kulia kwangu alikuwa askari wa ukumbi, ambaye alikuwa ameacha geti lijilinde.

Wakati wa kuanza ukafika, na aliyepaswa kufungua kwa maombi, mchungaji wa mama yangu, hakuwa amefika. Baraka alichungulia kwenye pazia, akaniangalia kule nyuma, akakutanisha viganja, akainua mabega. Nanyi mnatujua. Kwetu hakuna kitu kinachoanza bila maombi, si mkutano wa josho la ng'ombe, si mechi ya watoto, si kufungua duka la simu. Watu walikuwa wameketi wakingoja kuombewa ndipo wacheke. Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo. Nilijiambia, Mwangi, si una maombi hapa kwenye laptop? Maombi mazuri, safi, yana mwangwi kidogo kama kanisa la mawe. Mzee Koech ni mzee wa kanisa, ayasikie yakitoka kila upande, ajue kelele inaweza kuwa kitu gani. Kidole gumba juu kwa Baraka. Nikabonyeza.

"Tusimameni," mama yangu akasema kutoka kwenye kila spika, na ukumbi wote ukasimama. Jamani, nilijivuna. Mzee Koech mwenyewe alisimama wima kabisa, kichwa chini. "Tushikane mikono," mama akasema, na mathe wa marvin akaunyakua mkono wangu wa kushoto kama anatoa kuku kwenye kikapu, na askari akauchukua wa kulia, na mimi nikatabasamu kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Sikukumbuka kwamba ile mikono nilikuwa naihitaji.

Nilikumbuka Amina ya kwanza ilipofika. Ukumbi ukaitikia "Amina", nikavuta mkono wa kushoto kwenda kwenye kishikizo, haukwenda. Nikavuta wa kulia. Askari alikuwa amezama kwenye maombi, ameushika kwa mikono yake yote miwili.

"Mathe," nikanong'ona, "hebu niachilie kidogo."

"Sshh! Usiachanishe mikono, kijana. Unakata mnyororo."

"Maombi yameisha, mathe."

"Kwani ni wewe unaomba?"

Na kweli hayakuwa yameisha. Watu walikuwa wameanza kuinama kuketi, mama yangu akavuta pumzi kwenye spika zote, halafu akasema kwa sauti yake ya jikoni, ile ya kawaida, "Haya Bwana. Hao watu wa mchezo nimewapa yao. Sasa tuongee sisi wawili."

Wote wakasimama tena.

Niliona kitambaa cha zambarau cha mama kikiinuka ghafla katikati ya ukumbi, kikageuka kushoto, kikageuka kulia, kama mtu anayetafuta ni nani anayezungumza kwa sauti yake. Halafu kikatulia. Alikuwa amejijua. Lakini afanye nini? Mtu hawezi kukatiza maombi, hata yakiwa yake mwenyewe.

"Mkumbuke jirani yangu Mama Wambui," spika zikasema, na hapo nikamwona Mama Wambui akitikisa kichwa kwa shukrani, mkono wake ndani ya mkono wa mama. "Wewe Bwana ulibadilisha maji yakawa divai. Yeye anabadilisha maji yanakuwa maziwa. Mwondolee hiyo roho. Chai yetu imekuwa nyeupe kwa imani tu."

Halafu kutoka kwenye mistari ya watu wa barabara yetu, wateja wake wote, ikaja "Amina" moja nzito iliyotoka ndani ya tumbo. Wale wawili walibaki wameshikana mikono, kwa sababu atakayeachilia kwanza ndiye atakayeonekana.

"Mkumbuke na mchungaji wetu," mama akaendelea, na nawaapia kwamba ndipo mlango wa pembeni ulipofunguka mchungaji akaingia, anahema, Biblia kwapani, akawaona watu wamesimama wakiomba, akavua kofia haraka akainamisha kichwa. "Umempa upako, tunashukuru. Sasa mpe na saa. Mfupishie mahubiri, Bwana, kila Jumapili githeri yangu inaungua." Watu waliitikia hiyo kwa furaha zaidi. Mchungaji pia alisema Amina, labda kwa mazoea tu.

Mimi nilikuwa napigana. Nilijinyonga kushoto, nikajinyonga kulia, nikapiga magoti nikidhani nitateleza chini nitoke, jasho linanitiririka, na mathe wa marvin alifungua jicho moja akaniangalia vizuri. "Askari," akasema, "huyu kijana ako na kitu. Tangu maombi yaanze anajipinda."

"Mathe, nataka kuzima mashine!"

"Umesikia? Inataka maombi yazimwe!" Akakaza mkono mpaka vidole vyangu vikalia. "Shindwe! Toka! Askari, mshike, usimwachilie!"

Askari, ambaye kazi yake ni kushika watu, akanishika. Kwa hivyo sasa juu kwenye spika mama yangu alikuwa anaombea mtaa, na huku chini mimi nilikuwa naombewa nitokwe na pepo, na yote mawili yalikuwa yanaendelea vizuri.

"Na huyu mwanangu Mwangi, Bwana."

Niliacha kupigana. Sikupanga kuacha, mwili wenyewe uliacha.

"Mimi hiyo kazi yake siielewi. Jana nimemkuta anarekodi mlango wa choo. Anakuja kunusa vitunguu vyangu na waya masikioni, watu wakiniuliza anafanya nini nasema ako kwa kompyuta." Kicheko kidogo kilipita ukumbini. "Lakini namwona akisikiliza, Bwana. Tangu baba yake atuache nyumba hii ilikuwa imenyamaza, hata redio sikuwa nawasha. Yeye ndiye ameijaza tena. Mbarikie hiyo kazi ambayo siielewi."

Nitasema bila kuzunguka kwamba nililia. Mathe aliona machozi akasema, "Inatoka, inatoka." Na Chelagat aligeuka kule mbele kunitafuta, akaniona nimeshikwa na watu wawili nikilia, akaziba mdomo kwa mkono.

Ningefurahi sana kama mama angeishia hapo.

"Na huyo msichana Chelagat ni wetu, nimeshampenda. Lakini kuna mzee, Bwana." Mbele kule, Mzee Koech alikuwa ameshapata moto. Kwao yeye ndiye anayeitikia maombi kanisani, ni kazi yake, akifumba macho hawezi kujizuia. "Kuna mzee ana moyo mgumu." "Amina!" akasema Mzee Koech. "Moyo kama maharagwe ambayo hayakulowekwa." "Ndiyo, Bwana!" "Anadharau mtoto wa mwenzake kwa sababu ya vitunguu." "Msamehe, Bwana!" "Mloweke, Baba. Mloweke usiku na mchana mpaka alainike, awapokee wazee wetu." Na Mzee Koech akainua kofia yake juu, akatoa Amina ambayo haikuhitaji spika hata moja.

"Huyo Mzee Koech wa Elburgon," mama akamalizia.

Kofia ilibaki juu. Niliona shingo yake kwa nyuma ikipanda rangi, na vichwa vya watu vikianza kuinuka kimoja kimoja kumtafuta. Hapo nilijua imekwisha, kwamba Chelagat anarudi Elburgon na baba yake jioni hiyo na mimi nitaoa kinasa sauti. Na mama, kwenye spika, alikuwa anapanda mlima wake wa mwisho, "Na siku ile utakaporudi, Bwana, na utarudi bila kutangaza..."

Nilikuwa na kichwa tu. Nilijitupa mbele mzima mzima na kupiga kidevu kwenye laptop, nikilenga kitufe cha kusimamisha.

Sikupata kitufe cha kusimamisha. Nilipata honi.

Mnakumbuka niliwaambia niliipanga iingie kifuani kabla ya masikioni. Iliingia. Madirisha yaliimba, vumbi likashuka kutoka kwenye dari, na watu waliokuwa wamefumba macho wakiwaza siku ya Bwana kurudi walisikia parapanda. Mama mmoja alipiga yowe la furaha. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kubwa, "Bado! Bwana, bado!" Wengi walianguka magotini, na wachache walikimbilia mlangoni, sijui walitarajia kutorokea wapi. Na yule mvuta pazia, mtu mwaminifu, alikuwa ameagizwa kitu kimoja tu maishani, akasikia honi, akafungua.

Moshi mweupe ulimwagika kutoka jukwaani. Ndani ya moshi kulikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga alikuwa amesimama mtu aliyevaa nguo nyeupe mpaka magotini, mikono ameinyoosha pande zote mbili. Alikuwa ni Oti, mwigizaji wetu, kwenye koti lake la mchinjaji, maana ndiye mwenye kile kibanda cha nyama choma. Oti hakujua kilichotokea upande wetu wa pazia. Alipoona ukumbi umepiga magoti alidhani tumependa mapambo, akajaza kifua, akaimba mstari wake wa kwanza:

"Karibuni nyote, meza iko tayari!"

Ukumbi ulilia. Mathe wa marvin aliniachilia hatimaye, akainua mikono yote miwili juu, "Nakuja, Bwana!", askari akaniachilia akavua kofia ya kazi, na mimi nikaruka nikatelemsha kila kishikizo nilichokiona. Mama akanyamaza katikati ya neno. Ndani ya kimya kile Oti akaimba, bila maiki, mstari wake wa pili:

"Matumbo, mbavu na mutura, kachumbari ni bure!"

Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakifikiri kwa wakati mmoja. Halafu mahali fulani katikati mtu alianza kucheka. Nilijua kicheko hicho. Kilikuwa cha Mama Wambui, alikuwa amemwegemea mama yangu anacheka mpaka kitambaa kimemtoka kichwani, na mama yangu amejifunika uso kwa mikoba yao yote miwili. Kutoka hapo ukumbi mzima ukavunjika, watu wakainuka wakijipangusa magoti, mwanamume wa "bado" akapigiwa makofi, waliokimbia wakarudi wakijifanya walienda kuangalia magari. Baraka alitoka jukwaani akasema tu, "Naona tumeshaomba," na mchezo ukaanza upya kutoka kwa honi. Safari hii niliiteremsha kidogo.

Nilifanya kazi yangu jioni ile bila kuinua macho. Kila mlango ulifunguka mahali pake, kila lori lilipita kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye sehemu ya pili, mvua ilipoanza, mwanzo matone machache halafu yote kwa pamoja, nilimwona Mzee Koech anainuka kwenye kiti chake cha mbele na kutoka nje, simu sikioni. Nikasema basi, ameondoka, hata mwisho hakuungoja. Baadaye akarudi akaketi. Sikuelewa.

Ukumbi ulipoanza kutoka, watu wakapita kwenye meza yangu wakinipiga bega, wengine wakinisalimia "Amina, boss". Mama alipita bila kuniangalia. "Chakula chako kiko kwa sufuria," akasema. "Utajipakulia. Na utajipikia kesho." Mathe wa marvin aliniachia namba yake, nikisumbuliwa tena nimpigie. Halafu nikaona viatu vya Mzee Koech, na koti lake, na Chelagat nyuma yake akinifanyia ishara na macho ambayo sikuweza kuisoma.

Mzee aliangalia mixer. Akaangalia laptop. Akainama akaangalia chini ya meza, sijui alitafuta nini, labda sufuria.

"Ile mvua," akasema. "Ni vitunguu?"

"Ni vitunguu, mzee."

"Nilipigia watu simu nyumbani wafunike mahindi tuliyoanika."

Nikasema pole.

"Waliniambia huko jua linawaka." Aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. "Mama yako amenitaja mbele ya watu."

"Mzee, nisamehe, hayakuwa ya kusikika, niliacha mashine..."

"Wewe nyamaza. Mimi nilisema Amina." Alisema hivyo kwa uchungu kabisa, mtu aliyejishika mwenyewe. "Nimeisema mara nyingi, na nimeisema kwa nguvu. Mzee wa kanisa harudishi Amina. Leteni hao wazee."

Chelagat alinirukia pale pale kati ya nyaya, na nikaangusha kifaa ambacho sitakitaja kwa kuwa hakikuwa changu.

Tangu siku ile sina rekodi hata moja ambayo sijaikata pande zote mbili siku hiyo hiyo, kabla sijanywa hata maji, na nimeapa kwamba sitashika mkono wa mtu yeyote nikiwa kazini, hata awe askofu. Mama alishanisamehe, lakini mpaka leo akitaka kuomba hunitoa jikoni kwanza, kisha hufungua friji na kabati kuangalia kama kuna waya. Maziwa ya Mama Wambui siku hizi yana utando juu. Mama anasema maombi yamejibiwa. Mimi nasema zilikuwa spika. Yeye huniuliza spika hizo nguvu zilipata wapi, na hapo huwa naenda kukunja nyaya zangu.

Tulienda Elburgon. Wazee wangu, mama, na Mama Wambui naye, ambaye alisema hawezi kukosa. Tulipoketi wote na chai ikamiminwa, Mzee Koech akasema ni vizuri tufungue kwa maombi, na akasema mama yangu ndiye atakayeomba. Watu wakaangaliana. Nikatoa simu yangu nikaiweka mezani, imezimwa, bila kuambiwa na mtu. Tukasimama, tukashikana mikono, mama akafumba macho, akavuta ile pumzi yake.

"Bwana, asante," akasema. "Hayo mengine unayajua. Amina."

Tukaitikia wote isipokuwa Mzee Koech. Yeye alingoja, jicho moja wazi linamtazama mama, mpaka alipohakikisha hakuna jina linalokuja nyuma, ndipo akasema Amina.